Poda ya Asilimia Hamsini na Mbili

Marafiki, mpaka leo gari la zimamoto likinipita barabarani na king'ora chake mimi hujifanya natafuta kitu chini ya kiti, na mke wangu akiwa pembeni hucheka mpaka anashika mbavu, kwa sababu anajua hasa namwogopa nani: namwogopa yule zimamoto mwenye masharubu mekundu, asije akanitambua, akashusha kioo na kuniuliza kwa sauti yake ile ya upole binti yangu anaendeleaje na mtihani. Aibu niliyoipata siku ile ni yangu mwenyewe, hakuna aliyenisukuma. Nilikuwa na simu mkononi, na binti yangu alikuwa njiani anarudi nyumbani, na badala ya kumsubiri nimuulize kwanza, nikapiga simu. Hilo tu. Mengine yote yaliifuata simu hiyo kama watoto wanavyomfuata muuza maandazi.

Kwanza mjue mimi ni nani (si kwa kujisifu, mtaona wenyewe sifa ziliishia wapi). Kule Uvira nilikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari, na kila mwaka kazi yangu ilikuwa kuwaandaa wanafunzi wa mwaka wa mwisho kwa Egzeta, yaani ule mtihani wa taifa wa kumalizia sekondari kwetu Kongo. Hapa Louisville nafanya zamu ya jioni kwenye ghala la viatu, lakini kanisani na kwenye nyumba zetu za kupanga hapa Newburg watu wote bado wananiita Prof, na mimi, Mungu anisamehe, napenda. Mtu akipata karatasi ya shule ya mtoto wake ananiletea, nami nasafisha koo, navaa miwani, namsomea, na kuna siku nimemsomea mtu hata vitu ambavyo havimo.

Sasa kwetu mtihani si siri ya mtu na mama yake. Matokeo hutoka kwa asilimia, na ukipata hamsini umefaulu, una diploma, wewe ni mtu, wala hakuna anayekuuliza kwa nini si themanini, maana mtu wa themanini sisi hatujawahi kumwona, labda yuko Kinshasa. Siku hiyo watu hutoka barabarani, wanakumwagia poda nyeupe kichwani, ile ya watoto wachanga, mpaka nyusi zinapotea, mnaimba na kuzunguka mtaa mzima, na hata asiyekujua akikuona mweupe hivyo anajua huyu kafaulu na anakupigia vigelegele bure. Mimi poda yangu ilimwagwa na dada yangu mkubwa, Yaya Furaha (kwetu dada mkubwa ndiye yaya). Yaya aliacha shule akiwa mdogo kabisa, akawa anauza ndagala sokoni, wale samaki wadogo wakavu wa ziwani, ili mimi niendelee kusoma, na siku ya matokeo alikuja mbio moja kwa moja kutoka sokoni, hata mikono hakunawa. Harufu ile ya poda na samaki pamoja ninayo puani mpaka leo. Kwangu mimi ndiyo harufu ya kufaulu.

Bon. Binti yangu wa kwanza anaitwa Solange, na mwaka huo alikuwa darasa la kumi na moja. Tulipofika Amerika Kiingereza chake kilikuwa kuhesabu mpaka kumi na kusema asante, na sasa alikuwa anawatafsiria wagonjwa wa kanisani wanapokwenda hospitali, na huko hospitali ndiko alikopata wazo la kusomea uuguzi. Alilisema siku moja tu mezani, kwa sauti ndogo, kisha akaomba chumvi. Lakini mimi nililisikia, na tangu hapo kila nikiinua boksi la viatu kazini nilikuwa namwona ndani ya lile vazi la buluu la wauguzi.

Jumamosi moja ya Novemba alikuwa amekwenda mazoezi ya kwaya. Nimeamka, naingia jikoni kutafuta chai, naona karatasi mezani imeegemea chupa ya mafuta ya kupikia: jina la binti yangu, jina la jimbo letu la Kentucky, maneno mengi ya mtihani na chuo, na visanduku. Kwenye kisanduku kimoja kikubwa kulikuwa na kumi na tisa, nikairuka (nilidhani ni namba ya ukumbi aliokalia). Nikateremka. Pembeni, na alama ya asilimia kabisa, nikaona hamsini na mbili.

Nilikaa chini. Mtoto aliyekuja huku hajui hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni kwa Kiingereza, amepata hamsini na mbili kwenye mtihani wa Waamerika. Nikaanza kuimba, ule wimbo wetu wa matokeo, mwanzoni taratibu, halafu kwa nguvu, nikipiga sufuria kwa mwiko, na huku naimba mkono mwingine unamtafuta Yaya kwenye simu.

Yaya yeye anaishi Buffalo, kule East Side, na anafanya kazi kwenye kiwanda cha biskuti. Alipopokea alikuwa anapika.

"Yaya, mutoto anafaulu."

"Mutoto gani?"

"Solange. Cinquante-deux."

Hizo ndizo hamsini na mbili, kwa Kifaransa chetu cha shule. Kisha nikasikia kifuniko cha sufuria kimeanguka, halafu nikasikia dada yangu analia, kilio kile cha furaha cha kujipiga mapaja, na hapo na mimi machozi yakanitoka, nikawa najifuta kwa kitambaa cha vyombo. Na hapo hapo ndipo Solange alipoingia mlangoni.

Nataka mjue kwamba alijaribu. Aliangalia karatasi, akaniangalia mimi, akasema, "Papa, ile karatasi haiko..." nami nikamkatiza, nikamsukumia simu sikioni nikisema aongee kwanza na Tantine, shangazi yake. Akasikiliza muda mrefu. Sijui Yaya alimwambia nini, lakini mwisho mtoto akasema tu, "Asante, Tantine." Akanirudishia simu. Akaichukua karatasi, akaikunja, akaingia chumbani kwake. Mimi nikajisemea moyoni: ona mtoto mnyenyekevu.

Mke wangu, ambaye mchana anahudumia wazee kwenye nyumba ya kuwatunzia, aliporudi akaniuliza kama nimemuuliza mtoto vizuri. Nilimwambia, "Mama Solange, mitihani ni kazi yangu." Alininyamazia kwa namna ambayo mwanamume mwenye akili angeiogopa.

Kichwa kilikuwa kimeshavimba. Kesho yake nikamwambia mchungaji, mchungaji akatangaza mbele ya kanisa zima, Solange akaambiwa asimame, akasimama akiangalia viatu vyake, na vijana wa benchi la nyuma wakawa wanatazamana na kubana vicheko (nikasema huo ni wivu). Yaya naye akapiga simu akasema anakuja. Nikamwambia ni mbali, kuna kazi, kuna baridi. Akanijibu hivi:

"Nilikumwangia weye. Mutoto wako atamwangiwa na mukono ile ile."

Akabadilishana zamu na wenzake, akapanda basi mpaka Columbus, na pale Columbus mdogo wetu wa mwisho, Deo, akamchukua kwa gari lake kumleta Louisville. Deo alikuwa na shaka, lazima nikiri. Alinipigia kuuliza mbona matokeo ya mtihani wa taifa yanatoka Novemba, katikati ya mwaka wa shule. Nikamwambia Waamerika wana kalenda yao. Akaniuliza tena kama Solange mwenyewe amesema amefaulu. Nikamwambia asinifundishe kazi, na kwa kuwa mimi ni kaka yake na ni Prof, akanyamaza.

Sherehe tuliifanya Jumamosi iliyofuata kwenye chumba cha mikutano cha nyumba zetu, kile ambacho ng'ambo ya ukuta wake ziko mashine za kufulia nguo, kwa hiyo kila hotuba huko inasindikizwa na ngurumo. Akina mama walileta sombe, yaani kisamvu, na bugali, ndio ugali wetu, na kuku, kwaya ikaleta kinanda, na Yaya akaingia na begi zima la poda, makopo kwa makopo, aliyonunua Buffalo. Nikamwambia Yaya, poda hata Louisville ipo. Akasema hakutaka kubahatisha.

Solange alivaa shati jeupe, kama tunavyovaa kwetu. Yaya akamwita mbele. Akafungua kopo la kwanza, akalishika kwa mikono miwili, akamtazama mtoto usoni kwa muda, kisha akammwagia taratibu, utosini, mabegani, akiimba peke yake na sauti yake ya sokoni, na hakukuwa na mtu mle ndani ambaye macho yake yalikuwa makavu. Ningepewa ruhusa ya kuukata mkasa huu, ningeukata hapo. Lakini makopo yalikuwa mengi, na nyimbo zilikuwa nyingi, na kila mtu alitaka baraka, nikamwagiwa mimi, mchungaji, mpiga kinanda, na Deo aliyekuwa na shaka zake zote akapandwa na roho ya furaha, akashika kopo kila mkono, akawa anacheza na kuyatikisa juu, chini kabisa ya kile kidude cheupe cha darini chenye taa ndogo.

Kengele ilipolia tulidhani ni kinanda. Mpiga kinanda akainua mikono yote miwili kuonyesha si yeye. Halafu ikalia na ukumbini nje, na ghorofani, na jengo zima, na wapangaji wakaanza kuteremka ngazi, sauti ikituamuru kwa Kiingereza tutoke, na sisi tukatoka kwenye baridi ya maegesho, watu weupe kuanzia kichwani mpaka viatuni, tumeshika sahani.

Wapangaji wote wakawa nje. Bibi mmoja alikuwa ndani ya blanketi, jamaa mwingine ana sabuni nusu ya kichwa, na kijana aliyekuwa anafua alisimama na kaptula tu akiulilia mzigo wake ulioko kwenye mashine. Wakatutazama. Gari la zimamoto likaingia na king'ora chake, wakashuka watu na mashoka, wakaingia ndani mbio, na baada ya muda akatoka yule mwenye masharubu mekundu, bila mbio, akinusa kidole chake. Akauliza kwa sauti ni nani mwenye shughuli. Hakuna aliyenitaja, lakini kwaya nzima ikaniangalia.

Nikajitokeza. Na hapa ndipo ningeweza kuomba radhi na kunyamaza, mambo yakaisha. Lakini niliwaona wale wapangaji na baridi yao, nikaona lazima wajue sababu, wakijua watasamehe, basi nikapaza sauti, kwa Kiingereza changu bora kabisa, nikamwambia zimamoto kwamba hiyo ni desturi yetu, kwamba binti yangu amefaulu mtihani mkubwa wa jimbo, wa kuingilia chuo. Yule bwana uso ukamlainika. Akanipa mkono. Akamtafuta binti kwa macho, akampongeza, kisha nikaona anafikiri. Akasema, kwa upole kabisa, kwamba mwanawe naye yuko darasa la kumi na moja, shule nyingine hapa hapa mjini, na kwamba mtihani huo jimbo lote wanaufanya mwezi wa tatu. Akaniuliza wangu ameufanya lini.

Nikamgeukia Solange. Nikamwambia amweleze bwana huyu.

Alikuwa na poda mpaka kwenye kope, na badala ya kumjibu zimamoto kwa Kiingereza, alinijibu mimi kwa Kiswahili, na kwa hiyo watu wetu wote wakasikia.

"Papa, ule mutihani bado. Ile ilikuwa ya mazoezi."

"Na cinquante-deux?"

"Haiko pourcentage ya majibu. Inasema tu napita karibu nusu ya batoto ba hapa. Alama yangu ni ile kumi na tisa, na ya mwisho juu ni trente-six, thelathini na sita." Akajifuta poda mdomoni. "Na hakuna kufaulu, Papa. Banakupa namba tu. Kila chuo inaangalia namba yenye inataka. Ile ya uuguzi inataka zaidi ya hii."

Jamani. Mnajua nilikumbuka nini pale kwenye baridi? Nilikumbuka darasa langu Uvira, nilivyokuwa nawapanga wanafunzi ukutani kwa urefu, kisha namshika mmoja bega na kuwauliza wenzake: huyu amewapita wangapi? Si ana urefu gani, bali amewapita wangapi. Somo lile nililifundisha mimi, kwa chaki yangu, na nilikuwa nawachapa kwa maneno wanaochanganya vitu hivyo viwili. Macho yangu yaliiona asilimia na hapo hapo yakarudi nyumbani Kongo, hayakuuliza ni asilimia ya nini.

Vijana wa benchi la nyuma safari hii hawakubana vicheko, waliviachia. Mchungaji akakohoa, poda ikatoka. Yule aliyekuwa na sabuni kichwani akaniuliza kama sasa wanaweza kurudi ndani. Zimamoto, ambaye bila shaka alielewa kila kitu bila kuelewa neno, akanigusa bega akasema siku nyingine tumwagie nje, wakapanda gari lao wakaondoka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini maegesho yale ni ya lami nzito.

Nilipogeuka Solange hakuwepo. Nilimkuta amekaa ndani ya gari letu, kiti cha dereva, milango imefungwa. Nikaingia upande wa pili. Poda ikawa inatudondoka juu ya viti.

"Mwezi wa tatu siendi," alisema.

Nikamuuliza kwa nini. Akasema akipata chini ya ile namba ya uuguzi watu wote watajua, wote wako pale nje na sahani, na Tantine amekuja kutoka Buffalo na begi. Siku hiyo atasema anaumwa, atabaki kitandani, na habari ya uuguzi iishe. Alisema hivyo bila hasira, kama mtu aliyekwisha kupiga hesabu zake.

"Na juu ya nini hukuniambia, mutoto wangu? Wiki nzima."

Akawa anafuta poda kwenye usukani.

"Ulikuwa unaimba, Papa. Tangu tunafika huku, sijasikia unaimba."

Marafiki, hesabu hiyo mimi nilikuwa sijaipiga. Mtoto wa miaka kumi na sita alikuwa amebeba uongo wangu wiki nzima, kanisani na shuleni, ili mimi niendelee kufurahi, na mimi nilikuwa nimemwita mnyenyekevu na kuendelea kualika watu. Nilimwambia anisamehe. Kwetu baba hamwambii mtoto hivyo kirahisi, na mimi baba yangu sikumsikia akilisema neno hilo hata mara moja, lakini nililisema. Alinivua miwani, akaifuta poda kwa ndani ya mkono wa shati lake, akanirudishia usoni.

Kioo kikagongwa. Yaya. Ana sahani ya sombe na bugali mkono mmoja na kopo la poda mkono mwingine. Akafungua mlango wa nyuma, akaingia, akajipanga kwenye kiti kana kwamba anasafiri.

"Nani amekufa humu?"

Nikaanza kumwomba radhi, safari ndefu, basi, zamu zake, nguvu zake, akanikatiza.

"Miye sikufuata pourcentage. Nilifuata mutoto. Solange, kula."

Solange akala. Tulikula sote kwenye sahani ile moja, kwa mikono yetu myeupe, na Yaya akaanza kunicheka, akisema alinitazama wakati yule mzungu ananiuliza na uso wangu ulikuwa sawa na bugali ambayo haijaiva, akaniiga nilivyopanua mdomo, mpaka Solange naye akacheka na kulia kwa pamoja. Kesho yake, kabla ya kuondoka na Deo, Yaya alipanda kwenye kiti jikoni kwetu, akaliweka kopo moja lililobaki juu ya friji, nyuma kabisa, akasema lile litangoja. Hakusema litangoja nini.

Wiki kadhaa Solange hakugusa kitabu chochote cha mtihani ule. Mimi nilitaka kumhubiria, Mungu ni shahidi, hotuba nilikuwa nazo tayari, lakini kila nikifungua mdomo nilikuwa naiona kengele ile ya darini. Basi siku moja aliporudi kutoka shule, mimi bado sijaenda zamu yangu, nikavuta kiti cha meza ya jikoni, nikakaa upande ambao hukaa mwanafunzi, nikamwambia anifundishe mtihani huo. Alidhani natania. Nikamwambia sijui unavyofanya kazi, na Louisville nzima inajua kwamba sijui, kwa hiyo hakuna cha kuficha.

Akaleta kitabu cha mazoezi cha shule. Akaweka saa ya jiko. Jamani, mtihani ule unakimbia. Hesabu nilizipiga vizuri, nikasimama kwenye swali moja la futi na inchi (nani aliwatungia watu hawa vipimo hivi), nikaligombania swali lile mpaka muda ukaisha na mengine rahisi yako ukurasa wa pili yananingoja. Habari za kusoma, sikufika hata nusu. Na mahali nisipojua niliacha wazi, kama nilivyowafundisha wanafunzi wangu wote, usiandike usichokijua. Solange alisahihisha kwa kalamu nyekundu, na nilimwona anaanza kukaa wima. Akaniambia hapa aliyeacha wazi na aliyekosea wako sawa, hawakukati kitu, kwa hiyo usiache tundu la jibu hata moja bila kulijaza kwa penseli. Akaniambia swali likikupiga ngumi liache, kamata yale mepesi kwanza, urudi. Akaniambia pia kwamba ukitaka unaweza kuurudia mtihani, na vyuo vingi vinatazama namba yako nzuri zaidi. Nilimsikiliza. Alikuwa mwalimu mzuri kuliko mimi, hakuwa anapaza sauti.

Alipomaliza kuhesabu akanionyesha namba yangu. Ilikuwa chini ya kumi na tisa, na tukitafuta kwenye jedwali, watoto wa Amerika walionipita ningeweza kujaza nao ghala letu la viatu.

"Umefaulu, Papa?" akaniuliza, na uso wake ulikuwa unapigana na kicheko.

"Hakuna kufaulu," nikamwambia. "Kuna mahali nilipo leo."

Akacheka, kicheko kirefu, cha kwanza tangu siku ile. Kuanzia hapo, baridi yote ile, kila alasiri kabla ya zamu yangu tulikaa na saa ya jiko, mara nyingine yeye anafanya na mimi nashika muda, mara nyingine mimi nafanya na yeye anachora mistari myekundu. Kama angekwenda au asingekwenda mwezi wa tatu sikumuuliza. Niliogopa jibu, na pia lilikuwa jibu lake.

Asubuhi ya mtihani niliamka kwa sauti ya kuchonga penseli jikoni. Nilivaa koti juu ya nguo za kulalia, nikampeleka. Alishuka, akaenda hatua chache, akarudi, akagonga kioo, akaniambia niende nikalale. Nilibaki pale kwenye maegesho ya shule mpaka mlango ulipofungwa, kisha nikabaki tena.

Matokeo yalikuja majira ya joto yameanza kuonekana, alasiri, nimeshavaa viatu vya kazi. Solange akaingia jikoni, akafunga mlango nyuma yake.

"Papa, simu yako iko wapi?"

"Chumbani."

"Iache kule."

Akanionyesha simu yake. Nikaangalia kile kisanduku kikubwa kwanza, safari hii sikukiruka, nikakisoma, nikavua miwani, nikaifuta, nikakisoma tena. Mkono wangu wenyewe ulikwenda mfukoni kutafuta simu ambayo haikuwepo. Nikaurudisha mezani. Halafu nikaanza kuimba, polepole, na hakunizuia. Alivuta kiti, akapanda, akalitoa lile kopo juu ya friji, na nikainama kando nimpishe ajimwagie, lakini akanimwagia mimi, utosini, mabegani, kwenye sare ya kazi.

Nikamuuliza, na wewe? Akasema yake atamngoja Tantine, na kwamba Tantine atapigiwa na yeye mwenyewe.

Namba ni ngapi? Sisemi. Niliapa kwamba matokeo ya mtu sitayasoma tena mpaka mwenyewe anisomee, wala sitayatangaza mpaka mwenyewe anitume, na Solange hajanituma kwenu, muulizeni yeye. Nitawaambia tu kwamba muda wa kunawa haukuwepo, nikaenda kazini hivyo hivyo. Wenzangu Waamerika walidhani nimeangukiwa na rangi ya dari. Lakini kwenye laini yetu kuna mzee mmoja wa kutoka Fizi, kwetu Kongo, mtu wa maneno machache, ambaye aliniona tangu mlangoni, akaacha boksi lake chini, akaja mpaka nilipo, akaniangalia kichwa.

"Prof, kwako nani anafaulu?"

Nikamwambia ni mimi.